Kompyuta ikianguka, msikimbilie kufomati

Hapa Kikuyu, Dodoma, mpelekee fundi kompyuta ya Linux inayoganda hovyo, jibu lake unalijua kabla hujafika: "Tufomati." Wadau, mimi napinga. Kufomati kunafuta ushahidi, na mara nyingi kunafuta na tasnifu ya mtu.

RAM ikijaa, keneli huhamishia diskini kurasa zisizotumika sana, kwenye sehemu iitwayo swapu. Linux ina ujanja huu tangu toleo la 0.12, Januari 1992. Sasa diski ikiwa na sekta mbovu, ukurasa uliohamishwa unaweza usisomeke tena, na programu iliyokuwa ikiutegemea inakufa. RAM mbovu ni mbaya zaidi, inaweza kuangusha keneli nzima. Fomati mara kumi, RAM ni ile ile!

Okoa mafaili kwanza. Kisha soma logi, pima diski kwa smartctl, na uiache Memtest86+ ipime RAM usiku kucha (umeme ukiruhusu).

Ni kweli, keneli yenyewe nayo hukosea. Machi 2021 Linus Torvalds aliwaonya watu wasiguse toleo la majaribio la 5.12-rc1. Waliotumia faili la swapu, data yake iliandikwa mahali pasipo pake, juu ya mafaili mengine. Akalibadilisha jina, akaliongezea neno la "usitumie". Kosa la namna hiyo huligundui kwa kufomati.

Kwa hiyo mwulize fundi wako logi inasema nini. Akikushangaa, beba mashine yako uondoke.