Hilo Si Jicho la Mungu

Washarika wapendwa, ile picha mnaijua: jicho kubwa la rangi likitutazama kutoka gizani. Imezunguka kwenye simu zetu miaka mingi ikiitwa "Jicho la Mungu", na wapo wahubiri walioipandisha hadi mimbarini. Nasema bila kuficha: ni uongo, na uongo haugeuki kuwa Injili kwa sababu umesemwa kanisani.

Kitu hicho ni Nebula ya Helix, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 650. Ni nyota iliyofanana na Jua letu, ikazeeka na kumwaga gesi yake angani. Darubini ya Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, iliitazama kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Ukisogeza kiganja karibu na pasi ya moto gizani, huioni, lakini joto lake unalisikia. Ndivyo ilivyo infraredi. Angahewa yetu huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana darubini ikapelekwa nje ya dunia. Mwaka 2007 picha zake zilionyesha mng'ao wa vumbi katikati, kuizunguka nyota iliyokufa. Wataalamu waliona huenda vumbi hilo linatokana na nyotamkia zinazogongana. Hata rangi za picha hizo walizichagua wao, maana infraredi haina rangi machoni petu.

Wengine watasema: "Mchungaji, kama picha inamvuta mtu kwa Yesu, kuna ubaya gani?" Ubaya upo. Katekisimo Ndogo tuliikariri sote, na amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Je, tumshuhudie Mungu mwenyewe kwa uongo? Tena, mtoto wetu wa Kipaimara kesho atasoma fizikia. Siku atakapojua kwamba mboni ile ni vumbi, atauliza kama kaburi tupu nalo ni habari ya kusambaziwa kwenye simu. Tutamjibu nini?

Zaburi ya 19 inatufundisha kwamba mbingu humtangaza Muumba. Haisemi kwamba zina macho yake. Luther naye, kule Heidelberg mwaka 1518, alifundisha kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba.

Basi ifute picha hiyo, kisha umwambie mtoto ukweli: nyota hufa, hata Jua letu litakufa baada ya miaka ipatayo bilioni 5. Halafu mwambie habari za Yule aliyekufa na kufufuka, asiyehitaji uongo wetu.