Brasari ya Marc Guehi: nani ana haki ya kuandika uwanjani?

Marc Guehi hachezi tena Crystal Palace. Tangu mwezi wa kwanza 2026 yuko Manchester City, timu ambayo kapiteni wake wakati huo alikuwa Bernardo Silva, kwa hiyo hakuna mtu anayemwangalia tena mkono kila wiki kutafuta kama ameandika kitu juu ya brasari. Lakini mabishano aliyoyaanzisha kusini mwa London hayakuhama naye. Yanarudi kila mara mchezaji anapotangaza imani yake mbele ya kamera, na katika mwaka huu wa Kombe la Dunia hakuna sababu ya kufikiri kwamba yataisha.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Siku ya posho, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2024, Palace ilikuwa inapokea Newcastle kwenye uwanja wake wa Selhurst Park. Wakati huo Premier League ilikuwa katika kampeni ya kuunga mkono wapenzi wa jinsia moja katika michezo, kampeni iliyofanywa pamoja na shirika Stonewall, na makapiteni wote waliombwa kuvaa brasari yenye rangi za upinde wa mvua. Guehi aliivaa. Lakini juu ya zile rangi aliandika kwa kalamu kwamba anampenda Yesu, na mahali pa neno «kupenda» akachora moyo.

Siku hiyo Guehi alijifunga pia bao. Mechi ikaisha 1-1, shukrani kwa Daniel Muñoz aliyesawazisha dakika za mwisho. Wakati mwingine beki anayejifunga nyumbani angesemwa wiki nzima kwa sababu ya kosa hilo. Safari hii bao likasahauliwa mbio sana.

FA, shirikisho la mpira la Uingereza, iliwasiliana na timu kuikumbusha kanuni. Siku ya pili iliyofuata, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili, Palace ilikwenda kucheza Ipswich. Guehi akavaa brasari ileile ya upinde wa mvua na kuandika tena: safari hii, kwamba Yesu anakupenda. Palace ilishinda 1-0, bao la Jean-Philippe Mateta, yule mshambuliaji Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Congo. Baada ya hapo watu walingoja azabu. Haikufika. FA haikumfungulia Guehi mashitaka yoyote.

Uwanjani Ipswich usiku huo kulikuwa kapiteni mwingine mwenye imani. Sam Morsy, Mwislamu, mchezaji wa timu ya taifa ya Misri, hakuvaa brasari ya upinde wa mvua hata kidogo. Kati ya makapiteni 20 wa Premier League, ni yeye peke yake aliyekataa, na timu yake ikasema alifanya hivyo kwa sababu ya imani yake ya dini na kwamba inaheshimu uamuzi wake. Karibu wakati uleule Manchester United ilikuwa imeacha mpango wa kuvalisha wachezaji koti la rangi hizo kabla ya mechi na Everton, kisha Noussair Mazraoui kueleza kwamba hataweza kulivaa.

Kwa hiyo ndani ya siku chache tu, vijana watatu wa dini mbili walikutana na ombi moja na kulijibu kwa namna tofauti. Ila yule aliyesemwa zaidi ni Guehi, sababu yeye hakukataa wala hakukubali kabisa.

Mashabiki wa Palace hawakugawanyika katika pande mbili safi, kama wengi walivyoeleza. Wamoja walifurahi sana. Tusisahau kwamba Palace ni timu ya mitaa ya kusini mwa London, sehemu ambako makanisa ya Waafrika na watu wa Karibiani ni mengi, na ambako siku ya Mungu familia nyingi hupitia kanisani kwanza. Guehi ni mtoto wa mitaa hiyo. Alizaliwa Abidjan mwaka 2000, wazazi wakamleta London akiwa bado mtoto mchanga, na baba yake ni mtumishi wa kanisa hukohuko. Kwa mashabiki wa namna hiyo, kapiteni wao alisema tu kile wanachosema wao wenyewe kila juma.

Wengine waliumia. Palace ina kikundi cha mashabiki wapenzi wa jinsia moja, Proud and Palace, nao wananunua tiketi na kuimba pamoja na wengine. Lawama iliyosikika zaidi upande huu haikuwa juu ya Yesu. Ilikuwa juu ya mahali alipoandika. Mchezaji ana mwaka mzima wa kutangaza imani yake, ana mahojiano, ana kurasa zake. Kwa nini achague kitambaa kile kimoja kinachotolewa kwa ajili ya watu wengine, wiki mbili tu kwa mwaka? Kwa mtu aliyesikia miaka mingi matusi ya jukwaani, maneno hayo yaliweza kusomwa kama mahubiri yaliyoelekezwa kwake.

Kukawa pia Wakristu ambao hawakumpongeza. Hao waliuliza kwa nini aliivaa kabisa, kama moyo wake ulikuwa haukubali. Na wengine wengi, pengine wale wasiopiga kelele, walitaka tu beki wao asijifunge tena.

Guehi mwenyewe alieleza baadaye kwamba ujumbe wake ulikuwa wa upendo na ukweli, na kwamba ulikuwa unawakaribisha watu wote. Kocha Oliver Glasner alimtetea, akisema Marc ni mtu mzima mwenye maoni yake na timu inayaheshimu. Baba yake alizungumza na magazeti ya Uingereza kumuunga mkono mtoto wake. Guehi mwenyewe hakumshambulia mtu yeyote. Hiyo ndiyo inafanya kesi hii kuwa ngumu: aliyeandika anasema ni upendo, na kuna aliyesoma akasikia kitu kingine.

Inafaa kueleza kwa nini kampeni hii ipo, maana huku kwetu mara nyingi inachukuliwa kama mtindo wa Wazungu tu. Mwaka 1990, Justin Fashanu alikuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa Uingereza kusema wazi kwamba ni mpenzi wa jinsia moja. Baba yake alikuwa Mnijeria. Mwaka 1981 alikuwa amekuwa mchezaji mweusi wa kwanza kununuliwa kwa milioni moja ya pauni, alipokwenda Nottingham Forest. Ndugu yake wa damu, mchezaji pia, alimkana hadharani. Fashanu alijiua mwaka 1998, akiwa na miaka 37. Ilibidi kungoja mpaka 2022 ili mchezaji mwingine wa kulipwa anayecheza Uingereza, Jake Daniels wa Blackpool, aseme kama yeye. Na kuna jambo ambalo wale wanaomtaja Fashanu husahau mara nyingi: alikuwa Mkristu aliyeokoka. Vitu viwili vilivyogombana juu ya mkono wa Guehi vilikaa ndani ya mtu huyo mmoja.

Upande wa sheria, hakuna fumbo. Kanuni ya 4 ya mpira, ile inayohusu vifaa vya mchezaji, inakataza maneno, maandishi ao picha za kisiasa, za dini ao za kibinafsi. Guehi aliivunja, tena mara mbili, na mara ya pili akiwa amekumbushwa. Lakini mashabiki waliomtetea walikuwa na swali la haki: kama rangi za upinde wa mvua si ujumbe, ni nini? Jibu la viongozi wa mpira ni kwamba ujumbe ulioruhusiwa na waandaaji si sawa na ule mchezaji anaouongeza mwenyewe. Jibu hilo linasimama kisheria. Linawatuliza watu wachache sana.

Na kanuni hiyo haijui rafiki. Katika Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022, timu saba za Ulaya, Uingereza ikiwa moja yao, zilitaka makapiteni wao wavae brasari ya «OneLove» yenye rangi nyingi. FIFA ikawatishia kwa kadi ya manjano. Zikaacha. Wengi waliolalamika wakati huo kwamba FIFA inaziba watu midomo ndio walitaka, miaka miwili baadaye, Guehi aazibiwe. Na wengi waliosema mwaka 2022 kwamba siasa ibaki inje ya uwanja ndio walimpigia Guehi makofi. Hapa ndipo mgawanyiko wenyewe ulipo: kila upande unataka kanuni iwe kali kwa mwingine na laini kwake.

Ufaransa, ligi ambayo wengi wetu tunaifuata kwa karibu sababu ya lugha, ilichagua njia ngumu zaidi. Mwezi wa tano 2024, Mohamed Camara wa Monaco, mtoto wa Mali, alifunika kwa bandi alama ya kampeni ya kupinga chuki iliyokuwa kwenye jezi yake. Alipewa mechi nne za kukaa inje. Shirikisho la Mali likamtetea kwa jina la uhuru wa maoni. Miaka miwili mbele yake, Idrissa Gueye wa PSG alikosa mechi ya siku ya kampeni hiyo na kukuta wanasiasa wanamjadili. Ukilinganisha, FA ilifanya kwa upole, pengine hata kwa woga: kumwazibu kijana kwa kusema Yesu anakupenda, karibu na Noeli, hakuna kiongozi aliyetamani picha hiyo.

Mashariki mwa Congo, mtu angefikiri hakuna mabishano. Huku timu hupiga duara na kuomba kabla ya mechi, mfungaji hupiga magoti, na mchezaji anayeshukiwa ni yule anayemwaga kitu karibu na goli, si yule anayemtaja Mungu. Makanisa ya uamsho yamejaa katika kila muji. Wengi wanaofuata mpira wa Uingereza kwenye vibanda vya televisheni waliona ajabu kwamba jina la Yesu linaweza kumletea mtu shida.

Ila hata huku, makofi yanahitaji kuangaliwa vizuri. Mkristu anayemsifu Guehi, je, anamsifu pia Morsy? Morsy alifanya jambo lililo wazi kuliko la Guehi. Alikataa kuvaa, akakaa kimya, akaacha ishara ya wengine ilivyo, akabeba lawama peke yake. Mtu anaweza kukosa kukubaliana naye na bado akaona kwamba hakuchafua kitu cha mtu. Guehi yeye alichukua kitambaa cha watu wengine na kukifanya kikaratasi cha jibu lake. Kwa upande wa adabu tu, tukiacha sheria, ya Morsy ilikuwa safi zaidi, na inashangaza kwamba yeye ndiye aliyepongezwa kidogo.

Kisha kuna jambo linalotugusa sisi wenyewe. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, Abidjan, muji uleule alipozaliwa Guehi, Chui wa Congo walikuwa wanacheza nusu-fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji waliweka mkono mmoja juu ya mdomo na vidole viwili vya mkono wa pili kwenye kichwa, kama bastola. Walikuwa wanaonyesha mauaji ya Mashariki na kimya cha ulimwengu. Cédric Bakambu alikuwa ameandika kabla ya mechi kwamba watu wote wanaona kinachofanyika lakini wote wananyamaza. Congo ilipoteza 1-0. Huku Goma na Bukavu, watu wengi wanakumbuka ishara ile kuliko bao la Sébastien Haller.

Ishara ile haikuwa maandishi juu ya kifaa, kwa hiyo Kanuni ya 4 haiifikii moja kwa moja. Lakini mtu anayetaka uwanja usiokuwa na ujumbe wowote, si wa upinde wa mvua wala wa Yesu, lazima ajue kwamba uwanja huo haungekuwa na nafasi ya mikono ya Chui pia. Na anayetaka ujumbe wake upite sababu ni wa kweli, akumbuke kwamba shabiki wa jukwaa la pili anasema maneno yaleyale juu ya wa kwake. Kati ya hizo mbili, mwenye kuishi Mashariki ana sababu zaidi ya kuchagua uwanja wenye maneno mengi kuliko ule wa kimya, hata kama atalazimika kuvumilia maneno asiyoyapenda. Wengi hawatakubali. Wale wanaosema upinde wa mvua hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na vifo vya watu wetu wana hoja ambayo haiwezi kutupwa kirahisi.

Kusini mwa London, muda ulifanya kazi yake. Tarehe 17 mwezi wa tano 2025, Palace iliifunga Manchester City 1-0 Wembley, bao la Eberechi Eze, na kupata Kombe la FA, taji kubwa la kwanza katika historia ya timu. Guehi alitoka uwanjani kwa kuumia jicho, lakini alipanda kulinyanyua kombe pamoja na mkongwe Joel Ward. Jukwaani walikuwepo waliomtetea na waliomlaumu. Miezi michache baadaye, Premier League ikamaliza ushirikiano wake na Stonewall na kusema itatengeneza kampeni yake yenyewe. Mabishano ya mashabiki juu ya Guehi yalikuwa yamehamia kwenye mkataba wake, Liverpool iliyokosa kumchukua siku ya mwisho ya soko, na bei aliyouzwa City mwezi wa kwanza: pauni milioni 20, kwa beki ambaye wengi Selhurst Park wanaamini alistahili mara mbili.