Maji ya Kiangazi: Jirani Kwanza, Mchicha Baadaye



Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi, kwetu Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi migumu kuliko yote. Kusi imekwisha, kaskazi haijakaza, mchanga unaunguza nyayo na maji ya visima yameshuka. Wengi wetu wakati huo huiacha bustani ya uani ikauke tukisubiri mvua. Mimi naona hilo ni kosa. Lakini kuinywesha bustani huku jirani ana kiu ni kosa kubwa zaidi, na hilo nimelifanya mimi mwenyewe.

Mwaka mmoja nilipanda bamia, mbilingani, mchicha na mche wa mndimu. Kisima changu kimo ndani ya ua, na majirani wawili watatu, waliorudi baada ya kukimbia vita, walikuwa wakija kuteka asubuhi na jioni. Maji yalipopungua nikaanza kufunga mlango wa ua, nikijiambia kwamba nalinda chakula cha watoto wangu. Siku moja madrasa tulikuwa tukisoma haki za jirani. Mtoto wa miaka tisa akanyoosha mkono: "Maalim, jirani akiwa na kiu na mchicha ukiwa na kiu, nani aanze?" Sijui kama alikuwa na habari za mlango wangu. Nilijibu kwamba jirani anaanza, na jibu lile likanirudia mwenyewe. Jioni ile niliufungua mlango, nikawaendea majirani kuwaomba radhi.

Ndugu zangu, tunajua habari ya kisima cha Ruma kule Madina. Mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, na Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua na kukitoa kwa ajili ya Waislamu. Tunajua pia onyo la Mtume (S.A.W.), lililopokewa na Bukhari na Muslim, juu ya mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Ikiwa msafiri asiyejulikana ana haki hiyo, vipi jirani ambaye moshi wa jiko lake tunaunusa?

Basi wapo watakaosema: "Kama ni hivyo, tuache kulima hadi mvua." Sikubaliani nao. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, watu wengi wamepoteza mashamba yao au wanaogopa kwenda mbali. Kwa mama wa namna hiyo, majani ya uani ndiyo kitoweo cha ugali wa wanawe. Tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Muislamu huandikwa sadaka kwa aliyeupanda. Kwa nini tuikatishe sadaka hiyo nusu ya mwaka?

Njia ipo. Bustani isishindane na jirani, ipate maji ambayo tayari tunayamwaga.

1. Maji ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ila hayafai kutawadhia tena. Kumwagilia mmea yanafaa kabisa. Watoto 30 wakitawadha kwa lita 2 kila mmoja, hizo ni lita 60, yaani ndoo 3 kubwa, nasi tunaziacha zipotee mchangani. Chimbeni kijifereji kutoka mahali pa udhu hadi kwenye tuta la mchicha. Wala hili lisiwe sababu ya israfu: Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita moja.

2. Wakati. Mwagilieni baada ya Alfajiri, au baada ya Alasiri jua likilegea. Maji ya mchana mengi huchukuliwa na jua kabla mzizi haujayaonja.

3. Mashimo badala ya matuta yaliyoinuka. Katika mchanga wetu, pandeni kwenye vishimo. Chini wekeni makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, na juu tandazeni nyasi kavu. Miche midogo ipate kivuli cha makuti.

4. Kuchagua. Mchicha ni mlevi wa maji, basi uwe kidogo na karibu na mahali pa udhu. Kunde, muhogo wa kisamvu na mlonge huvumilia ukavu.

5. Kiasi. Hapa pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini. Mtu akivuta kwa pampu mfululizo, chumvi hupanda. Kisima chake huharibika, na cha jirani pia. Anayejaza mapipa kumi kwa siku moja asiseme kwamba maji ni yake peke yake.

Wazazi, wapeni watoto kazi hii. Mtoto aliyebeba kopo la maji ya udhu hadi kwenye mndimu, na aliyetumwa kumwambia jirani kwamba mlango uko wazi, ameielewa haki ya jirani kuliko aliyeihifadhi kwa ulimi tu. Mndimu wangu ulipona kwa maji ya udhu. Ukizaa inshaAllah, ndimu za kwanza nitawapelekea wale niliowafungia mlango.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuteremshie mvua ya manufaa isiyo na maangamizi, airudishe amani Cabo Delgado, na asitujaalie kuwa wenye kuzuia alichotupa bure. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.