Ndege ya Zamani: Tuhesabu Gharama Kwanza

Barabara ya Uvira, Baraka hadi Fizi huharibika kila majira ya mvua, na vita vimeizidishia hatari. Ndiyo maana wazo la makanisa kuchanga na kununua Cessna 206 ya zamani linatuvutia. Lakini bei ni mwanzo tu. Ndege hiyo hubeba abiria watano, hutumia benzini ya pekee isiyopatikana kila mahali, nayo inadai fundi mwenye kibali. Mwaka 2019 ndege ndogo iliangukia nyumba za watu Goma; zaidi ya 20 walikufa. Yesu alifundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi tukodi pamoja, tukikagua kwanza karatasi na bima. Mgonjwa apate kiti kabla ya mchungaji.