UCHAMBUZI: Moshi wa chupa na kitendawili cha usalama wa mlaji

HATUA ya Muungano wa Ulaya (EU) ya kukataa kuongeza muda wa vibali vya viungo vinane vya ladha ya moshi, mnamo 2024, ilizua swali zito: ni nani abebe hatari sayansi inapobadilisha kauli?

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Viwanda vilipata njia ya kuukwepa moto huo kitambo. Tangu 1895, Mmarekani Ernest H. Wright wa Kansas City aliuza moshi wa majimaji. Mbao huchomwa katika tanuri lenye hewa haba, moshi ukapozwa na kunaswa majini, kisha lami ikatengwa. Matone machache huipa nyama, jibini au mchuzi ladha ya jiko la kuni lisilowahi kuwashwa.

Watetezi wake walishikilia kwamba kuondoa lami hupunguza kemikali zisababishazo saratani. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, ila ilikuwa pungufu. Novemba 2023, Mamlaka ya Usalama wa Chakula Ulaya (EFSA) ilithibitisha kuwa sita kati ya viungo hivyo vinatia shaka ya kudhuru chembechembe za urithi. Kuhusu viwili vilivyosalia, hatari hiyo haikuweza kukanushwa. Kwa madhara ya aina hii, hakuna kiwango kinachoweza kutajwa kuwa salama.

Hata hivyo, watengenezaji wa supu, michuzi na krispi walipewa miaka miwili ya kujirekebisha, hadi Julai 1, 2026. Wa nyama, samaki na jibini, wanaotumia kiungo hicho badala ya kubanika, walipewa mitano, hadi Julai 1, 2029. Ikiwa hakuna kiwango salama, mbona muhula mrefu hivyo? Jibu ni kwamba mitambo haibadilishwi kwa siku moja; lakini gharama ya subira hiyo humwangukia mlaji.

Wala kuni si kimbilio. Moshi wake pia una sumu, ndiposa EU ikaweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopaireni kwa kila kilo ya samaki wa kubanikwa.

Kwa Kenya, ambako samaki wa Ziwa Victoria hukaushwa kwa moshi tangu jadi, funzo ni moja: ladha isichukuliwe kuwa ushahidi wa usalama. Mlaji ana haki ya kujua moshi anaokula ulitoka wapi, na nani aliupima.