Wana Uru, Safari Hii Tusipeleke Sabuni Tu

Ndugu zangu wa Uru, mlio vihambani na mlioko Dar, Arusha na kwingineko,

Mwaka jana kikundi chetu kilikodi Hiace tukaenda kuwaona wazee katika kituo kimoja. Tulibeba wanavyobeba wote: sabuni za mche, sukari, unga, mafuta ya kupikia na doti kumi za khanga. Wazee wakaketishwa kwenye mabenchi, bango letu likakunjuliwa nyuma yao, tukapiga picha. Bibi mmoja nilimpa khanga mimi mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani bila kuifungua, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Uru. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa Kichagga: mwaka huu mgomba wa mshare umezaa? Nikajibu sijui, naishi mjini.

"Basi kaulize," akasema.

Nimebaki na neno hilo mpaka leo. Kwa saa mbili tulizokuwa pale, hakuna aliyemwuliza yule bibi jambo lolote. Hata rangi ya khanga tulimchagulia. Picha tulimpiga bila kumwomba ruhusa. Na sisi ndio watu ambao kwetu mzee huulizwa! Mpaka wa kihamba ukigombewa, anaitwa mzee aonyeshe mmea wa isale ulikopandwa. Pombe ya mbege ikiletwa, kata haianzii kwa kijana. Huwezi kumtoa mtu katika hayo yote, ukampa kitanda, blanketi na uji, kisha ukashangaa mbona anashinda akitazama ukuta.

Sisemi vituo havifai. Hapa Moshi yapo makazi ya wazee ya Njoro, kama ilivyo Nunge kule Kigamboni na Fungafunga Morogoro, na wanaowaogesha na kuwalisha wazee wasio wao hawastahili lawama zetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inasema matunzo ya mzee ni ya familia kwanza. Makazi ni hatua ya mwisho. Mila yetu ilishasema hivyo zamani: kitinda mimba wa kiume aliachiwa nyumba ya wazazi ili awe nao mpaka mwisho. Leo kitinda mimba yuko Kariakoo, na kihamba kimegawanywa hadi hakigawanyiki tena. Wapo wazee huku huku Uru ambao hawajawahi kukanyaga kituo chochote, lakini wanaishi kama wako kituoni. Msichana wa kazi analipwa kwa simu, chakula kinawekwa mezani, mlango unafungwa, siku imekwisha.

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya katika nyumba moja ya wazee huko Connecticut. Kundi moja la wazee liliambiwa kuwa mambo ya vyumba vyao ni yao kuamua: wapange vitu wapendavyo, wachague siku ya kuangalia sinema, na kila mmoja achague mmea wake aumwagilie mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, lakini waliomwagilia ni manesi. Wiki tatu baadaye kundi la kwanza lilikuwa limechangamka zaidi. Baada ya miezi 18, walikuwa wamefariki 7 kati ya 47 katika kundi hilo, na 13 kati ya 44 katika lile la pili. Jaribio lilikuwa dogo, siligeuzi kuwa Injili. Lakini ni nani Uru anayehitaji profesa wa kumweleza habari za mtu na mgomba wake?

Ndiyo maana ninawaomba tufanye msaragambo, kazi ya pamoja. Mifongo, mifereji ya maji inayoshuka kutoka msituni, ilichimbwa na kuzibuliwa kwa mikono ya wengi. Babu zetu walipoona hawatendewi haki kwenye kahawa, waliunda chama cha wakulima cha KNPA mwaka 1925, kisha chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Kazi ninayoiomba mimi ni ndogo kuliko hizo.

Uongozi wa makazi ya Njoro ukiturudishia jibu la ndiyo, kila mzee anayetaka apate mgomba wake. Aseme mwenyewe kama anataka mshare au ndizi ng'ombe, aonyeshe shimo lichimbwe wapi. Asiyeweza kusimama ataamuru akiwa kwenye kiti. Wachimbaji ni sisi. Njoro ni tambarare na jua lake si la Uru, kwa hiyo habari ya maji tutaianza mapema. Na mkungu ukikomaa, mwenye mgomba ndiye atakayesema upikwe mtori, uuzwe au agawiwe jirani yake wa kitanda cha pili.

Kwa wazee waliobaki peke yao vihambani, jumuiya zetu ndogondogo ziwapelekee sala nyumbani mara moja kwa mwezi, lakini mwenye nyumba aulizwe kwanza. Wapo wazee wasiopenda kelele, na hiyo ni haki yao. Walimu nao watume watoto. Watoto wetu hawakijui Kiuru, na wazee hawana wa kuongea naye Kiuru. Sijui tunasubiri nini kuwakutanisha. Mtoto aende na daftari, aulizie majina ya mifongo, ya miti na ya aina za ndizi, na mzee amkosoe anapokosea kuandika.

Sabuni na sukari tuendelee kuzipeleka, zinahitajika. Khanga zitandikwe mezani, kila bibi achague yake.

Desemba wengi mtakuwa nyumbani. Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, mwenye jembe aje na jembe, mwenye gari abebe miche. Kazi hii haihitaji mchango wa fedha. Machipukizi yako chini ya migomba ya kila mmoja wetu. Mimi nitakwenda na jibu ninalodaiwa, maana nimeshamwuliza mama: mshare umezaa vizuri, isipokuwa upande ule ambao mfongo umekauka.