Mota za Rumonge Nazo Zinaungua

Mwandishi aliyedai kwamba karatasi ya aramidi, ile ya nyuzi za sintetiki zinazostahimili joto, ni ya ndege na treni za kasi, na kwamba Burundi haina soko lake, sidhani amewahi kusimama karibu na mota inayoungua. Harufu ile haisahauliki.

Rumonge, hapa Burundi, ni mji wa mawese na samaki, kazi zinazotumia mota. Katika mota nyingi, ziwe za kinu, za pampu au za jokofu, waya wa shaba hutenganishwa na chuma kwa karatasi. Umeme ukipungua nguvu, mota yenye mzigo huvuta mkondo mkubwa zaidi, nayo huchemka. Karatasi ya nyuzi za mti hukauka na kumeguka joto likizidi nyuzi 105 za Selsiasi hivi kwa muda mrefu, na mota huungua. Aramidi, ambayo DuPont iliiingiza sokoni miaka ya 1960 kwa jina la Nomex, hustahimili 180, hata 220.

Ni ghali, nakubali. Lakini mwenzangu amepima bei ya karatasi peke yake. Mota ikisukwa upya, fedha nyingi huenda kwenye shaba na siku za kazi. Na machikichi yaliyovunwa hayangoji fundi: asidi hupanda kila siku, mafuta yanashuka thamani.

Soko analolitafuta halionekani kwa sababu mwenye kinu hanunui karatasi, ananunua matengenezo. Umeme wa vituo vya maji vya Jiji na Mulembwe ukienea, transfoma na mota zitaongezeka. Aanze kwa kumuuliza fundi wa kusuka mota ni ngapi zimerudi kwake mara ya pili.